Sifa na Lawama za Mpasuaji wa Meno

Mtu wa Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, aliyeambiwa kwamba gego lake halitoki kwa koleo peke yake, na kwamba hana budi kuonwa na bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, aghalabu hufikiwa na habari mbili kabla hajapanda gari kwenda mjini. Ya kwanza huletwa na jirani aliyefanyiwa kazi hiyo hiyo, akarudi nyumbani jioni, akanywa uji, akalala usingizi alioukosa kwa muda mrefu. Huyu humwombea dua daktari wake kila amtajapo. Ya pili huletwa na jamaa ambaye shavu lilimfura, kinywa kikakataa kufumbuka, na maumivu yaliyomfika baada ya jino kutoka yakawa makali kuliko yale yaliyompeleka. Huyu huapa kwamba hatakikalia tena kiti kile maisha yake. Na inawezekana kabisa kwamba wasemaji hawa wawili walitibiwa na mtu yule yule, ndani ya mwezi mmoja, wala hakuna kati yao aliyesema uongo.

Hapo ndipo watu wanapotatizika. Wako wanaoamini kwamba neno la mgonjwa latosha kumhukumu mpasuaji; wako wanaosema mgonjwa hana elimu ya kumpima bingwa; na wako wanaozitupa sifa na lawama zote pamoja, wakisema kisa chote ni uchache wa watu na vifaa. Kila rai ina haki yake na kasoro yake, na madhara ya kuifuata mojawapo bila ya kuipima ni makubwa, kwa kuwa anayeogopa kwenda kwa sababu ya habari mbaya hukaa na ugonjwa, na anayekwenda kwa sababu ya sifa tupu hufikwa na asilolitarajia.

Nani anayesifiwa, nani anayelaumiwa

Katika mazungumzo ya barazani kila aliyeshika koleo huitwa daktari, na kwa sababu hiyo lawama ya mmoja humwangukia mwingine. Kwa hakika wako wa daraja tatu. Wa kwanza ni tabibu wa meno mwenye stashahada, aliyesoma katika chuo kama kile cha Mbweni hapa Unguja, au vya Tanga na Mbeya upande wa Bara, ambaye kazi yake ni kung'oa meno yasiyo na matata, kuziba matundu, kuondoa ukoga na kufundisha usafi wa kinywa. Wa pili ni daktari wa meno mwenye shahada. Muhimbili ilianza kuwafundisha madaktari wa namna hiyo mwaka 1979, na kabla ya hapo aliyeitaka elimu hiyo aliifuata ng'ambo. Wa tatu ndiye bingwa, aliyesoma miaka mingine juu ya shahada yake ili ajue kupasua ufizi na mfupa, kuunga taya lililovunjika katika ajali ya bodaboda, kutoa uvimbe wa taya, na kuyaondoa magego ya mwisho yaliyolala ndani ya mfupa pasipo kuchomoza.

Njia ya kumfikia bingwa huyu ni ndefu. Mgonjwa wa Mkokotoni huanzia Kivunge, hospitali iliyo jirani naye. Ikiwa jambo lake limepita uwezo wa pale huandikiwa rufaa kwenda Mnazi Mmoja, hospitali ambayo wazee bado huikumbuka kwa jina la V. I. Lenin, na likizidi hapo huvuka bahari kwa boti ya takriban saa mbili hadi Dar es Salaam. Afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina wizara yake, lakini ugonjwa mzito wa taya hauitambui mipaka ya mamlaka. Kwa hiyo mtu anayefika mbele ya bingwa huwa amekwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu, na moyoni mwake amewakusanya wote katika sura moja. Akisema kwamba daktari alimvunjia jino akamwachia mizizi, huenda aliyelivunja si yule aliyekuja kuitoa mizizi hiyo kwa tabu. Ila wa mwisho ndiye anayekumbukwa.

Malipo nayo yana sehemu yake. Tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza matibabu bure mwaka 1964, watu wengi wamekua na mazoea ya kuiona hospitali ya serikali kuwa ni hisani, na mtu aliyefanyiwa hisani huona haya kulalamika mbele ya aliyemfanyia, akaja kuyamwaga malalamiko yake mtaani. Zahanati za watu binafsi zilipoenea, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulipoanza mwaka 2023, kukazuka tabia ya pili: mwenye kulipa, au mwenye kukatwa katika mshahara wake, hudhani kwamba amenunua matokeo, ilhali katika upasuaji hakuna auzaye matokeo. Wa kwanza hulalamika pasipo mtu wa kumsikiliza, na wa pili hulalamika hata pale ambapo hakuna aliyekosea.

Jino lililocheleweshwa

Kisiwa hiki kina dawa yake ya jino, nayo si dawa ya kubezwa. Mafuta ya karafuu yana kiini kiitwacho eujenoli, ambacho hutuliza mshipa wa fahamu wa jino, na madaktari wa meno duniani kote wamekuwa wakikichanganya na unga wa zinki kuwa dawa ya kuzibia kwa muda. Mama anayemtilia mwanawe pamba yenye mafuta ya karafuu katika tundu la jino hakosei. Tatizo ni kwamba dawa hii hunyamazisha maumivu na kuuacha uozo ukiendelea na safari yake kuelekea kwenye mzizi, na pindi mshipa wa jino ukisha kufa, maumivu hupotea kabisa, mgonjwa akashukuru, kumbe usaha ndiyo kwanza unajikusanya chini ya mfupa. Panadoli za dukani hufanya kazi ile ile.

Mtu wa aina hii akifika hospitali shavu likiwa limevimba, hukutana na jambo ambalo ndilo chanzo cha shutuma kubwa kupita zote, nalo ni kung'olewa jino bila ya ganzi. Kila anayezijua habari za wagonjwa wa meno ameisikia shutuma hii: kwamba sindano ilipigwa, na jino likatolewa huku mgonjwa akihisi kila kitu. Aghalabu sindano ilikuwa na dawa, na dawa ilikuwa nzuri. Lignokeini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na Nils Löfgren huko Uswidi mwaka 1943, ni dawa ya kuaminika. Lakini nyama iliyojaa usaha ina uchachu, na uchachu huo huizuia dawa kupenya ndani ya mshipa wa fahamu. Sindano ile ile iliyomtosha jirani aliyekwenda mapema haimtoshi huyu aliyekwenda amechelewa.

Je, mpasuaji amesalimika na lawama? Si kabisa. Uchachu wa nyama iliyovimba si siri katika fani yake, na ana hila za kuukabili: aweza kuipiga sindano mbali na uvimbe, penye shina la mshipa, aweza kuutoa usaha kwanza, akampa mgonjwa dawa za kuua vijidudu na kumwita tena hali ikipoa, aweza kungoja kidogo, akajaribu kama ganzi imeshika kabla ya kushika koleo. Hila hizo zote zinataka muda, na kumwita tena mgonjwa aliyetoka Tumbatu, aliyengojea maji yajae ndipo mashua yake ivuke kuja Mkokotoni na kisha akapanda gari masafa ya zaidi ya kilomita 30, kwake ni sawa na kumfukuza. Basi daktari mwenye foleni ndefu na mgonjwa mwenye safari ndefu hukubaliana, pasipo kuambizana, kulimaliza jambo siku ile ile, na kinachobaki ni kumbukumbu ya mateso. Ucheleweshaji huu una hatari nyingine iliyo kubwa kuliko maumivu. Mwaka 1836 tabibu wa Stuttgart, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza uvimbe unaoshuka kutoka chini ya ulimi hadi shingoni na kumziba mtu pumzi, na aghalabu asili yake ni gego la chini lililooza. Kabla ya dawa za kuua vijidudu, zaidi ya nusu ya waliopatwa na uvimbe huo walikufa. Na hata leo anayefikishwa usiku akiwa hawezi kumeza mate yake hufikishwa mlangoni pa mauti.

Rai ya wanaolitegemea neno la mgonjwa

Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, husema watu wa rai hii, na hoja yao ina nguvu. Hakuna chombo kinachopima maumivu isipokuwa ulimi wa mwenye kuumwa. Hakuna mwingine awezaye kushuhudia kama alielezwa kitakachofanywa, kama aliulizwa dawa anazotumia na maradhi aliyonayo, kama aliponyoosha mkono kuashiria kwamba anaumia koleo lilisimama ama liliendelea. Mambo haya si ya pembeni, maana mtu aliyelala kitandani kinywa kikiwa wazi, asiyeweza kusema wala kuona kinachofanyika, ameweka amana ya mwili wake kwa mtu mwingine, na namna amana hiyo ilivyotunzwa hujulikana kwa mwenyewe kabla ya yeyote. Kwa wanawake wa kaskazini, ambao wengi hawapendi kuwa faraghani na daktari mwanamume asiye maharimu wao, daktari aliyemruhusu ndugu au mume kuketi chumbani amefanya sehemu ya tiba, na aliyemfukuza ndugu huyo kwa ukali ameiharibu. Na hilo nalo ni mgonjwa atakayelisema, maana halimo katika daftari la hospitali.

Walakini neno la mgonjwa lina mipaka, na mipaka hiyo imejulikana kwa karne nyingi. Abu al-Qasim al-Zahrawi, mpasuaji mashuhuri wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013, katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake kikubwa cha Tasrif, aliwaonya matabibu wasiharakie kung'oa jino, akabainisha kwamba maumivu humdanganya mwenye jino mwenyewe, akamwonyesha tabibu jino zima badala ya bovu, likatolewa lile, na maumivu yakabaki pale pale. Aliwalaumu pia vinyozi wajinga wa zama zake walioacha mizizi ndani na kuvunja mfupa wa taya kwa pupa. Ukiyasoma maonyo hayo utaona kwamba malalamiko ya leo yalikuwapo miaka 1000 iliyopita, na kwamba mtaalamu huyo aliyasadiki maumivu ya mgonjwa pasipo kuisadiki kila tafsiri ya maumivu hayo.

Kumbukumbu nayo ina tabia zake. Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa waliokuwa wakipimwa utumbo mpana bila ya kulazwa usingizi, wakaonyesha kwamba mtu hakumbuki maumivu kwa urefu wa muda wake, bali kwa kilele chake na kwa dakika zake za mwisho. Tutaona mbele kwamba kwa mgonjwa wa mpasuaji wa meno mwisho huo haumo chumbani mwa daktari, na kwa hiyo hukumu yake hutolewa juu ya jambo ambalo daktari hakulishuhudia.

Rai ya wanaosema bingwa hupimwa na bingwa

Watu wa rai ya pili, ambao wengi wao ni wa fani yenyewe, husema kwamba upasuaji una madhara yake hata katika mkono ulio hodari, na mgonjwa asiyelijua hilo huliita kosa. Mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini uko karibu mno na mizizi ya gego la mwisho, na mara nyingine hutikiswa; mdomo na kidevu hubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache, chini ya mmoja katika kila 100, ganzi hiyo huwa ya kudumu. Kuvimba na kushindwa kufumbua kinywa kwa siku kadhaa baada ya mfupa kukatwa ni hali ya kawaida, wala si ishara ya uzembe. Tena yako mambo ambayo mgonjwa huyaona kuwa ni ukatili, kumbe ndiyo hekima. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago mjini Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika, ambao hulegeza meno hata ukadhaniwa kuwa ni ugonjwa wa meno. Baadaye ikadhihirika kwamba tiba yake ni dawa wala si kisu. Mzazi anayelalamika kwamba alimpeleka mwanawe ang'olewe jino linalotikisika na daktari akakataa, akamwandikia safari ya Muhimbili, huenda analalamikia uamuzi uliomwokoa mtoto.

Rai hii ingetosha lau wataalamu wangekuwa wanayaona makosa yao wote na siku zote. Hawayaoni. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walibadilishwa: aliyepaswa kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti, na nchi nzima ikatikisika. Halikuwa kosa la mtu asiyejua kupasua. Lilikuwa kosa la kutouliza na kutohakikisha. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha fupi ya mambo ya kuhakikishwa kabla ya kukata, wakati wa kukata, na kabla ya mgonjwa kuondoka chumbani, kuanzia jina lake na mahali pa kupasuliwa. Na katika hospitali nane za mwanzo zilizoijaribu, mojawapo ikiwa ni ile ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mikono ilikuwa ile ile na visu vile vile. Kilichoongezwa ni kuuliza.

Sheria nayo imepita njia hiyo. Uingereza, kwa hukumu ya Bolam ya mwaka 1957, daktari alisalimika maadamu alifanya ambalo kundi la madaktari wenzake wenye kuaminika wangelifanya. Na kwa miaka mingi kipimo hicho kilitumika hata katika kile alichomwambia mgonjwa na alichomficha. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko, katika shauri la Montgomery dhidi ya Bodi ya Afya ya Lanarkshire, ilikiondoa kipimo hicho katika suala la kumwarifu mgonjwa, ikasema ni lazima aelezwe kila hatari ambayo mtu mwenye akili timamu aliye katika hali yake angeipa uzito. Hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu, ingawa husikilizwa. Lakini watu wa Unguja hawana haja ya kungoja London iwafundishe, kwa kuwa mafakihi wa Kiislamu walikwisha kulipambanua zamani: anayejitia utabibu pasi na elimu ni dhamini wa madhara aliyoyaleta, na mwenye elimu aliyefuata kanuni za kazi yake, na akapewa idhini na mgonjwa, hana dhamana ya matokeo. Elimu na idhini vimetajwa pamoja, na idhini ya mtu asiyejua anaidhinisha nini ni idhini pungufu. Kwa sababu hiyo hiyo wale wanaoyafunga mazungumzo yote kwa kusema kwamba yaliyotokea ni kudra wanaitumia itikadi njema mahali pasipo pake: kudra haikumwondolea tabibu amana yake.

Uchache wa watu na vifaa

Rai ya tatu haihitaji maneno mengi, kwa sababu karibu wote wanaikubali. Mabingwa wa kinywa na taya ni wachache katika Tanzania nzima, na aliyepata nafasi kwao ametanguliwa na wengi. Ila hoja ya uchache hueleza kwa nini mtu anangoja, wala haielezi kwa nini mtu aliyekwisha kungoja na akapata nafasi yake aondoke na pamba kinywani pasipo kuambiwa aiume kwa muda gani. Maneno ya dakika tatu hayataki mashine wala bajeti. Hatari ya rai hii ni kwamba humpa mzembe na mhodari udhuru mmoja, na wananchi wakakosa njia ya kuwapambanua.

Siku ya tatu

Hapa ndipo, kwa rai yangu, penye ufunguo wa tofauti kati ya habari njema na habari mbaya. Jino likisha kutoka, shimo lake hujaa damu, na damu hiyo huganda ikawa donge ambalo ni kifuniko cha mfupa na msingi wa nyama mpya. Donge likiyeyuka au likisukutuliwa kabla ya wakati wake, mfupa hubaki wazi, na baina ya siku ya pili na ya nne huzuka maumivu yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya, ambayo panadoli haiyafikii. Vitabu vya fani hutaja kwamba hali hii huwapata kiasi cha mmoja hadi watano katika kila 100 waliong'olewa jino kwa kawaida, na kwa magego ya mwisho ya chini huweza kufika hata 30. Sababu zake ni nyingi: ugumu wa kazi yenyewe, sigara, vijidudu vilivyokuwapo tangu awali, na kusukutua kwa nguvu siku ya kwanza. Tiba yake ni nyepesi. Shimo huoshwa, hutiwa dawa ambayo mara nyingi ni ile ile eujenoli ya karafuu, na mgonjwa hupata nafuu siku ile, kisha hupona ndani ya siku saba hadi kumi.

Sasa tazama siku hiyo ya tatu inamkuta wapi mgonjwa wetu. Anayekaa mjini, penye mwendo wa robo saa hadi hospitali, hurudi, hutiwa dawa, na mwezi unaofuata humsifu daktari wake. Aliyerudi Mkokotoni, au aliyevuka kwenda Tumbatu, hukaa na maumivu yake akidhani kwamba ameharibiwa taya. Wazee wake, kwa mapenzi, walikwisha kumsukutulisha maji ya moto ya chumvi usiku ule wa kwanza, jambo ambalo lingekuwa dawa siku ya pili na ambalo usiku ule liliondoa donge. Fedha za safari zimekwisha, na barua ya rufaa haikuandikwa neno la kurudi. Wagonjwa wawili wamepata madhara yale yale, kutoka kwa mkono ule ule. Mmoja ameyapata karibu na tiba na mwingine mbali nayo, na kijiji kinamhukumu mpasuaji kwa umbali.

Mwezi wa Ramadhani huliongezea jambo hili uzito. Wengi huahirisha kung'oa jino kwa kuogopa kufuturu, na uozo ukaendelea mpaka Shawali. Ilhali Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jidda mwaka 1997, lilitaja kuziba, kung'oa na kusafisha meno miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu, maadamu mtu ameepuka kumeza kitu. Lau maneno hayo yangesomwa misikitini kila Shaaban, wangepungua wanaofika hospitali siku ya Idi shavu limewaka.

Kupima

Zikiwekwa rai hizi katika mizani, naona kwamba neno la mgonjwa ni ushahidi madhubuti juu ya mambo matatu, na dhaifu juu ya jambo moja. Ni madhubuti juu ya alivyoambiwa, alivyosikilizwa alipoumia, na njia aliyoachiwa ya kurudi. Ni dhaifu juu ya ustadi wa mkono, kwa sababu jino jepesi mikononi mwa mtu wa kawaida huacha sifa kubwa kuliko jino zito mikononi mwa fundi. Basi anayeletewa habari mbaya na asiulize tu kama iliuma. Aulize jino lilikuwa lipi, lilikuwa na usaha tangu lini, aliyeling'oa ni wa daraja gani, maumivu yalianza kitini au siku ya tatu, na je, daktari aliyasema hayo kabla. Majibu yakionyesha kwamba picha ya eksirei haikupigwa wakati jino limelala ndani ya mfupa, au kwamba damu ilitoka siku nzima na mgonjwa hakuulizwa kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, hiyo ni lawama ya kweli, na mahali pake ni kwa uongozi wa hospitali na kwa baraza la madaktari, si barazani tu. Yakionyesha kwamba shavu lilivimba na kinywa kikakaza kwa siku nne, hiyo ni sehemu ya upasuaji, na lawama iliyobaki ni moja: kwamba hakuonywa.

Na onyo lenyewe lina gharama, ambayo haifai kufichwa. Mgonjwa mwoga aliyetajiwa kila hatari huenda asirudi kamwe, akaishia kwa mng'oaji wa mtaani asiyechemsha chombo chake. Tunajua upotofu huo unaweza kufika wapi: katika miaka ya 1980 zilienea Tanzania habari za meno ya plastiki, na watoto wachanga wenye homa na kuharisha wakachimbuliwa ufizi kwa vyombo vichafu ili vitolewe vichipukizi vya chonge zao, wengine wakapoteza damu, wengine uhai, kwa sababu wazazi walimwamini mganga aliyewaeleza jambo kwa lugha yao kuliko mtumishi wa hospitali aliyewanyamazia. Mfano huo, ingawa watu huutumia kuonyesha ujinga wa wazazi, mimi nauona kuwa ni hoja ya kueleza zaidi. Mganga yule hakuwashinda madaktari kwa elimu. Aliwashinda kwa kuzungumza.

Kwa hiyo nashikilia kwamba hatari zielezwe, na zielezwe kwa kipimo: zile zinazotokea mara nyingi, hata kama ni ndogo, na zile zilizo kubwa, hata kama ni nadra, kila moja pamoja na dawa yake. Karatasi moja ya Kiswahili ingetosha, yenye kusema pamba iumwe kwa nusu saa, asisukutue wala kutema kwa nguvu wala kuvuta sigara siku ya kwanza, aanze maji ya uvuguvugu ya chumvi siku ya pili, na akiona maumivu yanazidi siku ya tatu badala ya kupungua, asingoje. Karatasi hiyo itaje pia pa kwenda, na pahali hapo si lazima pawe mjini. Kuosha shimo na kulitia dawa ni kazi ambayo tabibu wa meno aliyesoma Mbweni huiweza bila ya bingwa; ikiwa bingwa atamwandikia mwenzake wa Kivunge mistari miwili juu ya kilichofanywa, mgonjwa wa Tumbatu atavuka mkondo mmoja tu, ashuke Mkokotoni na aende pale palipo karibu, badala ya kuifanya upya safari ya mjini au kujifungia ndani na shavu lake.

Gharama ya jambo hili ni dakika za daktari, na dakika hizo zitatoka katika foleni, yaani mtu mmoja au wawili huenda wasionwe siku ile. Ni gharama ya kweli, na anayeikataa ana haki ya kuuliza nani atakayeachwa nje. Jibu langu ni kwamba wale wanaorudi siku ya sita wakiwa na homa, kwa sababu siku ya tatu hawakujua pa kwenda, hula muda mwingi wa mpasuaji kuliko maelezo ambayo wangepewa siku ya kwanza.